Mwaka wa Kuchomoa Plagi

Tulimzika Mama Akisa mwezi uliopita, shambani kwao nje kidogo ya Kocholia, siku ambayo mvua ilitishia tangu asubuhi na haikunyesha. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma chini ya turubai, kati ya watu nisiowajua, binti yake Akisa aliposimama kusoma historia ya marehemu. Alisoma vizuri, bila kulia, kama muuguzi aliyezoea kutoa habari nzito. Alipofika mahali pa baba yake, Mzee Omuse, alisema kwamba mzee alifariki Jumapili moja alasiri mjini Malaba kwa sababu stima ilipotea na mashine yake ya oksijeni ikazima. Mwanamume mmoja karibu nami alifyonya na kusema, "Stima ya hapa imetumaliza." Watu wakaitikia. Nami nikaitikia kwa kichwa. Miaka kumi na mitatu nimekuwa nikiitikia hivyo kila habari hiyo inapotajwa, na nilipotupa udongo wangu kaburini nilijua kwamba, kati ya wote waliokuwa pale, anayeujua ukweli sasa ni mimi peke yangu. Siku ile stima haikupotea. Iliisha. Kuna tofauti kati ya hayo mawili, na tofauti hiyo ilitoka chumbani mwangu.

Sitaeleza kwetu wala jinsi nilivyosoma. Inatosha kusema kwamba nilifika Malaba nikitokea Budalang'i, nikiwa na miaka ishirini na sita, nikapata kazi kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo forodhani. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuingiza stakabadhi za malori: nambari ya kontena, uzito, aina ya bidhaa, jina la mwenye mzigo kule Kampala au Kigali. Nilihitaji chumba cha karibu, na dereva mmoja akanielekeza kwa Mzee Omuse, dereva mwenzake wa zamani, aliyekuwa na nyumba upande wa chini wa barabara kuu. Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali, yenye paa la mabati lililopakwa rangi nyekundu iliyokuwa imechakaa. Upande mmoja waliishi mzee na mkewe. Upande wa pili kulikuwa na vyumba viwili vya kupangisha: kimoja cha dada Nafula, aliyekuwa akivuka Uganda kila wiki kuuza mitumba, na kingine kikawa changu. Ukuta kati ya chumba changu na sebule ya wenye nyumba ulikuwa mwembamba kiasi cha kusikia kijiko kikigonga kikombe. Nyumba nzima ilikuwa na mita moja tu, ya tokeni, zile nambari za kununua stima kabla ya kuitumia, na kidude chake cha kubonyezea nambari kilikuwa ukutani jikoni kwa Mama Akisa.

Sauti ya kwanza niliyoisikia usiku wangu wa kwanza ilikuwa ya ile mashine. Ilikuwa kama mtu anayevuta pumzi kupitia pua iliyoziba, halafu mlio mfupi wa puu, halafu tena. Asubuhi niliiona: sanduku jeupe lenye magurudumu, refu kufika magotini, limesimama kando ya kochi alilolalia mzee, na mrija mwembamba ukitoka ndani yake hadi kwenye pua zake. Mzee Omuse alikuwa ameendesha malori kutoka Mombasa hadi Kigali kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na kifua kipana na mikono mizito, lakini kutoka kochini hadi mlangoni kulimchukua muda wa mtu kumenya kiazi. Daktari alikuwa amewaambia kwamba mapafu yamechakaa, na kwamba kilichobaki ni kumsaidia tu kupumua. Mashine haikuwa yao, waliazimwa na kanisa. Kanisa lilisema, mkishamaliza kuitumia mturudishie, na kila mtu pale ndani alielewa maana ya kumaliza.

Nilikuwa kijana mwenye maringo ya mshahara wa kwanza. Ndani ya miezi miwili nilikuwa nimenunua televisheni, dekoda na wufa kubwa yenye spika tano, nikazipanga juu ya meza ndogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Nilipotoka kwenda kazini nilibonyeza rimoti, skrini ikawa nyeusi, nami nikajua nimezima. Jumamosi moja Mama Akisa alibisha mlango wangu akiwa na unga wa wimbi mikononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye macho ya kuangalia kitu hadi kimalizike.

"Wandera, wewe umezima hizi vitu?"

"Ndio, Mama. Zimezima zote."

Alinyoosha kidole chenye unga kuelekea meza. "Na hiyo ndogo nyekundu?"

"Hiyo ni stendibai tu, Mama. Inaonyesha tu kwamba iko."

"Stendibai," akarudia, akilitafuna neno hilo. "Kwa hivyo haijazimwa. Imelala tu, na jicho moja iko wazi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba kwa siku nne alikuwa akisoma mita asubuhi na jioni, na kwamba hesabu haikubali. Mashine ilikula uniti saba na ushee kwa siku, hilo alilijua, kwa sababu alishawahi kuzima kila kitu kingine na kuipima. Friji alikuwa amelichomoa zamani na sasa lilikuwa kabati la unga. Balbu zilikuwa tatu. Pasi hakuna aliyeigusa. Na bado kila siku uniti moja na nusu hivi ilikuwa ikienda mahali asipopajua. "Mimi sijui stima," alisema. "Lakini najua gunia yenye iko na tundu."

Alasiri hiyo tulitafuta tundu. Naikumbuka siku hiyo kwa furaha ambayo leo inaniumiza, maana tulikuwa kama watu wanaowinda panya. Mama Akisa alimweka Nafula jikoni mbele ya kile kidude cha mita, kilichokuwa na kitaa kidogo kilichopepesa kwa kadiri ya matumizi, akamwambia ahesabu na kupiga kelele. Mzee alihamishiwa kwenye mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba, akakaa kochini akitutazama, na mashine ikazimwa. Tulizima kila kitu kwa swichi zake za kawaida, kama tulivyozoea.

"Inapepesa!" Nafula akapiga kelele.

"Zima kwako!"

"Kwangu nimezima!"

"Basi chomoa!"

Nafula alikimbia chumbani kwake, akachomoa chaja mbili na redio yenye saa, akarudi. "Imepunguza mwendo. Lakini bado inapepesa!" Tukachomoa televisheni ya mzee. Tukachomoa kile kifaa cha kulinda friji, ambacho kilikuwa kimeachwa ukutani kikiwaka kijani bila friji lolote la kulinda. Kisha nikaingia kwangu na kuchomoa wufa, dekoda na televisheni, moja baada ya nyingine, na nilipochomoa ya mwisho nilimsikia Nafula akinyamaza. "Imesimama," akasema kwa sauti ndogo. Tulirudisha vitu kimoja kimoja, tukipima kila kimoja, na kufikia jioni ilijulikana kwamba vitu vyangu vitatu, vikiwa vimezimwa kwa rimoti, vilikuwa vikila karibu robo tatu ya uniti kwa siku. Dekoda ndiyo iliyokuwa mlafi zaidi. Ilikuwa moto kuigusa hata ikiwa imelala.

Mzee Omuse alizungumza kwa vipande, akipumua kati ya maneno. "Ni kama lori," alisema. "Umefika mpakani. Umepaki. Unangoja karatasi. Lakini injini umeacha inanguruma." Akapumzika. "Tanki inakauka, na hujasonga hata hatua moja." Akanitazama, akatabasamu. "Msaidizi wangu, tanboi, akifanya hivyo, nilikuwa namshusha. Huko huko."

Kuanzia siku ile nyumba yetu ilikuwa na sheria. Usizime kwa rimoti, chomoa. Simu ikijaa, chaja itoke ukutani. Mama Akisa alinunua ekstensheni yenye swichi na kuiweka chumbani mwangu, ili nibonyeze mahali pamoja na vyote vitatu vife. Kila asubuhi aliandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni uniti zilizobaki. Matumizi yalishuka, na hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu uniti moja na nusu kwa siku ilikuwa karibu saa tano za pumzi ya mzee. Mimi ndiye niliyemfanyia Mama Akisa hesabu hiyo, na tangu hapo akawa anahesabu kila kitu kwa namna hiyo. Mtu akisahau balbu ya nje mchana, alisema, "Umekula dakika kumi ya mzee." Hakusema kwa hasira. Alisema tu.

Nilianza kula kwao. Kwanza ilikuwa Jumapili, baadaye karibu kila jioni. Atap, ule ugali mweusi wa wimbi na muhogo, na samaki waliokaushwa wakapikwa kwa simsim, au kunde, au mrenda. Mzee alikula kidogo akiwa na mrija puani, akisimama kila baada ya matonge mawili kutafuta hewa. Alinisimulia barabara. Alijua kila mteremko kutoka Mariakani hadi Katuna, mahali ambapo breki huzidiwa, na mahali ambapo mama fulani aliuza chai nzuri mwaka fulani. Hakuwahi kuniuliza maswali ya kwetu, nami nilimpenda kwa hilo. Sasa, ninapokaribia arobaini na mimi pia nina barabara za kusimulia, naona kwamba alikuwa akinipa kitu ambacho hakuwa na muda wa kukitoa polepole.

Kupitia ukuta nilisikia pia nisiyopaswa kusikia. Asubuhi moja mapema, kabla sijaamka vizuri, nilimsikia mzee akisema, "Hii mashine irudi kanisani. Umechoka." Mama Akisa akajibu kwa Kiteso maneno nisiyoyaelewa, kisha kwa Kiswahili, pengine kwa sababu ndiyo lugha waliyogombania, "Nimechoka, ndio. Kwani nimekuambia nataka kupumzika?" Mashine ikavuta na kutoa. Halafu mzee akasema, "Huyo kijana wa Budalang'i ana maringo, lakini ana roho." Nililala pale nikitazama mabati, nikiwa na furaha ya mtoto.

Ugomvi wetu ulikuja mwezi wa tisa. Msongamano wa malori ulikuwa umezidi, na tajiri wangu alinipa kompyuta ya mkononi nifanyie kazi nyumbani. Betri yake ilikuwa imekufa, ilifanya kazi ikiwa tu imechomekwa. Siku moja niliiacha mezani ikiendelea kutuma stakabadhi za malori sita, nikatoka kwenda dukani. Mama Akisa alipita, akaona taa nyekundu kupitia dirishani, akafungua kwa ufunguo wake wa akiba na kubonyeza ile swichi ya ekstensheni. Kazi yote ikapotea. Malori yale yalilala pale siku mbili zaidi, na tajiri alinitukana mbele ya madereva kwa maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Nilirudi nyumbani nikiwa nachemka.

"Mama, uliingia chumbani kwangu."

"Niliona taa. Nilifikiri umesahau."

"Sikusahau! Ile ilikuwa kazi. Unajua umenifanya nini?"

"Pole, Wandera. Sikujua."

Ningeishia hapo. Badala yake nikasema, na nakumbuka nilikuwa nimesimama nikiwa mrefu juu yake, "Mimi ni mpangaji hapa, si mtoto wako. Usiingie tena chumbani mwangu. Hata nyumba ikiungua, usiingie."

Aliutazama ufunguo mkononi mwake. "Sawa," akasema. "Ni chumba yako." Kutoka sebuleni nilimsikia mzee akikohoa, akijaribu kusema kitu, pumzi isimfikishe.

Niliacha kula kwao. Niliendelea kuchomoa plagi, lakini kwa kisirani, nikibamiza. Mambo yalikuwa hivyo kwa wiki tatu. Kisha ikafika Ijumaa ambayo tajiri alinituma Busia kwa siku mbili nimsaidie karani wa huko. Nilikuja nyumbani saa tisa alasiri kuchukua begi. Asubuhi ile niliona chaki mlangoni: 18. Mtungi mdogo wa akiba ulikuwa mtupu, ukisubiri gari la kuupeleka kujazwa. Hayo yote niliyajua. Nilitazama habari kidogo nikifunga begi, nikabonyeza rimoti, nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilisahau. Ningependa sana iwe hivyo. Lakini nilipofika getini niligeuka, na kupitia pazia niliona nukta tatu nyekundu. Nilisimama. Bodaboda alikuwa ameshawasha pikipiki. Nilimwona Mama Akisa jikoni akinipa mgongo, akichekecha unga, na nikafikiria kurudi, kupita mbele yake, kufungua mlango na kubonyeza ile swichi, naye ajue kwamba nimerudi kwa ajili hiyo. Nikasema moyoni: siku mbili haziwezi kuua mtu. Nikapanda.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Nafula, kwa vipande, siku zilizofuata. Jumamosi Mama Akisa alikwenda kununua tokeni kama kawaida, akaambiwa mtandao wa kununulia uko chini. Hakuna aliyehofu, mtandao hushuka na kupanda. Alirudi jioni, bado. Jumapili asubuhi aliacha kwenda kanisani, akazunguka kila kibanda cha Malaba, akiwauliza hata madereva kama kuna anayejua mtu wa Bungoma au Eldoret anayeweza kununua huko na kutuma nambari. Kote ilikuwa vilevile. Nusu ya mtaa haikuwa na stima kufikia saa sita. Nyumbani walizima kila kitu kilichoweza kuzimwa. Saa saba mchana, Jumapili yenye jua kali, mashine ilitoa mlio mmoja mrefu wa kulalamika, kisha ikanyamaza.

Waliibeba wakakimbia nayo kwa jirani wa juu. Jirani naye tokeni zilikuwa zimemwishia asubuhi hiyo. Walirudi nayo. Mzee alikuwa ameketi wima, mikono magotini, akivuta hewa kwa mabega. Nafula alikwenda kutafuta gari, akalipata moja, wakamwingiza mzee kiti cha nyuma, kichwa chake begani kwa mkewe. Lakini siku hiyo foleni ya malori ilikuwa imefika mbali sana nje ya mji, safu mbili, na hapakuwa na nafasi ya hata baiskeli. Gari lilisimama. Madereva waliposikia ni nani aliyemo ndani, walishuka wakaanza kusogeza malori, moja kwenda kushoto, jingine kurudi nyuma hatua mbili, wakipiga mayowe na kugonga milango ya waliolala. Nafula alisema gari lilikuwa limesonga mbele malori kumi na moja pale Mama Akisa alipomwambia mwenye gari, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zima injini." Ilikuwa haijafika saa tisa na nusu. Mtandao wa tokeni ulirudi saa kumi na robo.

Niliingia nyumbani jioni hiyo jua likizama, na kabla sijafika getini nilisikia kilio. Mtu fulani alikuwa ameshanunua tokeni ili kuwe na mwanga wa matanga. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni. Sikuingia kwao. Nilifungua mlango wangu, na ndani ya giza lile taa zangu tatu zilikuwa zimerudi zenyewe, zimewaka, zinangoja. Wufa ilikuwa ikitoa ule mvumo wake mdogo. Nilikaa sakafuni nikapiga hesabu. Kutoka Ijumaa saa tisa hadi Jumapili saa saba ni saa arobaini na sita. Karibu uniti moja na nusu. Kwa mashine ile, ni zaidi ya saa nne. Kama zingekuwa ndani ya mita, ingepumua hadi saa kumi na moja na kitu. Nilirudia hesabu hiyo mara nyingi nikitafuta kosa. Nimeirudia jana pia. Haina kosa.

Tulimzika mzee Alhamisi. Nilibeba viti, nilichota maji, nilichimba. Watu walinisifu kwa bidii. Wiki iliyofuata, asubuhi moja nyumba ilipokuwa tupu, nilimkuta Mama Akisa jikoni akichambua kunde ndani ya ungo. Mlango bado ulikuwa na nambari ya chaki ya Jumapili ile. Nilisimama.

"Mama, kuna kitu lazima nikuambie."

Hakuinua macho. "Ya chumba?"

Nikakaa juu ya kigoda.

"Jumamosi asubuhi niliona mita inakimbia," alisema. "Nikazunguka nyumba yote. Kwa Nafula, hakuna. Kwangu, hakuna. Nikafika kwa mlango yako, nikaweka sikio. Hiyo wufa yako ilikuwa inalia mmm, mmm. Na funguo ya akiba ilikuwa hapa." Alifungua kiganja chenye majani ya kunde. "Hapa, kwa mkono."

"Kwa nini hukufungua, Mama?"

"Ulisema nisiingie."

Alichambua majani mawili, matatu.

"Nilisema, huyu ni mtoto wa watu, amesema chumba ni yake. Nikasema, si naenda kununua tokeni saa hii tu? Mbona niharibu heshima tena? Nikarudisha funguo kwa msumari." Akatupa jani lililooza kando. "Na Jumapili asubuhi nilipita hapo tena. Tena nikaiacha."

"Nisamehe, Mama. Niliziona nikiwa getini. Niliziona, nikaenda."

Hapo ndipo aliponitazama, kwa yale macho yake ya kuangalia kitu hadi kimalizike. Nadhani hilo hakulijua, kwamba niliona.

"Usiniombe msamaha," akasema. "Nikikupa wewe, mimi nitaomba nani? Mwenye angenipa mimi tumeshamfukia." Akasukuma ungo kando. "Akisa amepiga simu tangu juzi. Anauliza baba alikufaje. Nimemwambia stima ilipotea. Na wewe ukiulizwa na mtu, stima ilipotea."

"Ndio, Mama."

"Sasa toka, nipike."

Hatukulizungumza tena. Nilidhani wakati huo kwamba alikuwa akinilinda, na kwa miaka kadhaa nilimshukuru kimoyomoyo. Sasa nina watoto, na mke ambaye hunicheka nikizunguka nyumba yetu ya Busia nikipapasa soketi, na naelewa kwamba Mama Akisa alikuwa akijilinda mwenyewe pia, na kwamba alitufunga pamoja, mimi na yeye, kwa uongo mmoja ambao hakuna hata mmoja wetu angeweza kuufungua bila kumwumiza mwenzake. Sasa yeye amelala kaburini, na kurasa hizi nitampelekea Akisa. Sijui atanifanya nini. Ana haki ya lolote.

Kabla sijahama, mwishoni mwa mwaka ule, kanisa lilituma watu kuchukua mashine. Ilikuwa inakwenda kwa familia moja ya Matayos, ambako mama mmoja wa makamo alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini. Mama Akisa aliipangusa kwa kitambaa kibichi, akakunja waya wake vizuri, akaniambia, "Nenda nayo wewe. Wewe unajua inavyokula." Nikapanda nayo nyuma ya pikapu, nikiishikilia kwa mikono miwili njia yote.

Nyumba ile ilikuwa ya watu wenye uwezo kidogo. Mgonjwa alikuwa chumba cha ndani, amekaa kitandani, macho makubwa, mtoto wa kike akimpepea kwa daftari. Niliichomeka mashine, nikaiwasha, nikamwonyesha mtoto jinsi ya kuweka mrija. Kisha nikatoka sebuleni na kuanza kuangalia kuta. Kulikuwa na televisheni imelala, dekoda imelala, redio, maikrowevu yenye saa ya kijani ambayo hakuna aliyekuwa ameirekebisha, chaja nne bila simu. Bila kuomba ruhusa nikaanza kuchomoa. Nilikuwa nikichomoa kwa nguvu, na nadhani nilikuwa nikisema peke yangu.

Mwenye nyumba, mwanamume mtulivu aliyevaa kanzu ya kanisani, alinifuata nyuma kwa muda, kisha akanishika bega. "Boss, kwani wewe ni fundi wa stima?"

"Hapana."

"Ni daktari?"

"Hapana. Mimi nilikuwa mpangaji."

Alinitazama bila kuelewa. Nikaketi kwenye kochi lake na kumweleza. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia yote, pamoja na yale ya getini, na hadi leo ndiye wa pekee. Nilieleza bila kumtazama. Nilipomaliza hakunipa pole, wala hakunihukumu. Aliinuka, akaingia chumbani kwake mwenyewe, akafunga mlango nusu. Nilimsikia akiinama nyuma ya kitanda, akihema, na plagi zikitoka ukutani, moja, halafu nyingine, halafu nyingine.